Nilimwambia mteja video yake haina sauti, kumbe shida ilikuwa programu

Leo naongelea kitu ambacho wengi tunakidharau: programu ya kuchezea video kwenye simu au tableti. Najua utasema mbona kila simu inakuja nayo. Hata mimi nilikuwa nasema hivyo hivyo. Ikanigharimu mteja, na mteja mwenyewe ikamgharimu kitu ambacho siwezi kumrudishia.

Mimi nina kiduka cha vifaa vya simu Makambako, upande wa kuelekea stendi. Nauza chaja, kava, protekta, hedfoni, memori kadi, na kwenye kona nina laptop kuukuu ya kuhamishia nyimbo na video za watu. Kuhamisha ni kazi ndogo, mia tano, buku, lakini ndo inayoleta watu. Mtu anakuja kuhamishiwa video ya ubarikio anaondoka na chaja. Shule niliishia kidato cha nne, haya mambo nimejifunza mwenyewe kwa kuuliza na kwa kuharibu.

Sasa sikilizeni. Kuna mama mmoja anauza viazi sokoni, mteja wangu wa siku nyingi. Mwaka juzi mwezi wa sita, baridi ya huku mnaijua, akaja amejifunga vitenge viwili. Nikamwamkia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, hujambo? Nimekuletea kazi. Humu ndani yupo mume wangu."

Akatoa kwenye leso kadi ya kamera, zile kubwa ambazo haziingii kwenye simu. Mume wake alikuwa amefariki miezi michache nyuma. Kabla ya hapo walimfanyia binti yao send-off, na mzee akasimama kutoa wosia. Mpiga picha alirekodi, lakini kabla hajaihariri akahamia mkoa mwingine, akaona bora amwachie mama kadi yenyewe kama ilivyo. Mama alikuwa anataka kitu kimoja tu, amwone na kumsikia mzee kwenye simu yake.

Nikaichomeka kadi kwenye laptop. Ndani kuna mafolda mengi, AVCHD, BDMV, STREAM, mwisho kabisa nikakuta mafaili matatu makubwa: 00000.MTS, 00001.MTS na 00002.MTS. Mawili nikayakopi kwanza kwenye laptop kisha kwenye simu, kama ninavyofanya siku zote. La tatu laptop ikasema imejaa, nikalipitisha moja kwa moja kutoka kwenye kadi kwenda kwenye simu. Kumbukeni hilo faili la tatu.

Nikafungua kwenye simu na programu niliyokuwa nawawekea wateja wote. Siitaji, maana kosa lilikuwa langu, siyo la programu. Picha ikaja safi kabisa. Mzee yule pale, suti ya kijivu, maiki mkononi, mdomo unacheza. Sauti hakuna. Nikaongeza, nikachomeka hedfoni mpya kutoka kwenye boksi, nikazima simu nikawasha. Hakuna.

Hapo ningesema "mama sijui, ngoja niulize". Lakini mnajua sisi wauza duka, tunaona aibu kusema sijui mbele ya mteja. Nikamwambia:

"Mama, hapa sauti haikurekodiwa. Mpiga picha alisahau kuwasha maiki yake."

"Haikurekodiwa kabisa?"

"Kabisa mama."

Akaangalia tena kidogo, halafu akageuza simu kifudifudi juu ya kaunta. Akasema, "Basi futa, mwanangu. Siwezi kumwangalia anaongea simsikii." Nikafuta kwenye simu. Kadi akasema haina kazi kwake, nikamnunulia kwa elfu tano. Nikaifuta yote, na wiki hiyo hiyo nikaiuza elfu kumi na mbili kwa kijana mwingine anayepiga picha za harusi. Niliona nimefanya biashara nzuri kwa pande zote mbili.

Utauliza kwa nini sikujaribu kwenye laptop. Spika za ile laptop zilikufa zamani na tundu la hedfoni limelegea. Naitumia kuhamishia vitu tu.

Ikapita kama miezi mitano. Nikanunua tableti ya mtumba, au kishikwambi kama tulivyozoeshwa wakati wa Sensa ya 2022, niiweke kwenye kaunta ioneshe matangazo ya bidhaa zangu. Muuzaji alikuwa ameshaweka VLC humo ndani. Nikataka kupima kama tableti inaweza kucheza video kubwa bila kukwama, nikahamisha video zote zilizobaki kwenye laptop, nikawa nazijaribu moja moja huku nahudumia watu. Mara nikasikia nyuma yangu sauti ya mwanaume mtu mzima inasema, "Mwanangu, mimi na mama yako tumekaa miaka ishirini na saba."

Nikageuka. Suti ya kijivu.

Sijawahi kujisikia vibaya dukani kama siku ile. Sauti ilikuwepo muda wote. Kilichokosekana ni programu inayojua kuisoma. Na kati ya mafaili matatu, mimi nilikuwa na mawili tu.

Tangu siku hiyo nikaanza kusoma haya mambo usiku, kidogo kidogo, na niliyoyapata nawapa hapa kwa lugha ya sokoni.

Faili la video ni kama kiroba. MP4, MKV, AVI, MTS, hayo ni majina ya kiroba cha nje. Ndani mna vitu viwili tofauti, picha na sauti, na kila kimoja kimebanwa kwa namna yake ili kisichukue nafasi. Hiyo namna ya kubana na kufungua ndo inaitwa kodeki. Kwa hiyo mteja akikwambia "hii ni MP4, mbona haichezi", amekwambia kiroba, hajakwambia kilichomo. Mahindi na maharage yote yanakaa kwenye kiroba. Ndo maana pia wale vijana wanaobadilisha jina la faili kutoka .MTS kwenda .MP4 hawajabadilisha kitu, wameandika tu jina jipya kwenye kiroba kile kile.

Sasa zile kamera za video za harusi, nyingi zinarekodi kwa mfumo unaoitwa AVCHD. Sony na Panasonic waliutoa 2006. Picha yake imebanwa kwa H.264, ambayo karibu kila simu ya siku hizi inaifungua. Lakini sauti yake mara nyingi ni AC3, ambayo ni teknolojia ya Dolby. Kuweka ufunguo wa sauti za Dolby ndani ya simu kulihitaji leseni, na leseni ni hela, kwa hiyo simu nyingi za bei ya kawaida ambazo wateja wetu wananunua hazina huo ufunguo. Umeona inavyokwenda? Picha inafunguka, sauti inabaki imefungwa. Mtu asiyejua anasema haikurekodiwa. Mtu huyo nilikuwa mimi.

Na hapa ndo kwenye siri ya kuchagua programu. Ziko za aina mbili. Aina ya kwanza inategemea funguo zilizomo ndani ya simu yenyewe, simu ikiwa haina, na yenyewe haina. Ndo maana video ile ile kwenye programu ile ile inaongea kwenye simu ya huyu na inakuwa bubu kwenye simu ya yule. Programu nyingi zinazokuja na simu ziko hivi. Aina ya pili inakuja na funguo zake yenyewe, haiombi simu. VLC iko kwenye kundi hili, na kwa kazi ya duka kama langu ndo naiweka ya kwanza.

VLC ndo ile yenye alama ya koni ya barabarani. Ilianza 1996 kama kazi ya wanafunzi wa chuo cha École Centrale Paris kule Ufaransa, na tangu 2001 msimbo wake uko wazi, mtu yeyote anaruhusiwa kuusoma na kuutumia. Inasimamiwa na VideoLAN, chama kisichotafuta faida, kinachoishi kwa michango. Haina matangazo hata moja. Mwanzoni hilo lilinitia wasiwasi kidogo, maana biashara imenifundisha kwamba cha bure kina mwenyewe. Lakini nimeitumia muda mrefu sijaona ujanja. Ukiitafuta Play Store hakikisha mwenye programu ameandikwa Videolabs, maana ukiandika jina maarufu yanakuja na majina ya kufananafanana, na mengine nayo yameweka koni.

Sisemi haina kasoro. Muonekano wake siyo wa kuvutia, na mteja akifungua mara ya kwanza anapotea. Kwa watu wanaotaka kutelezesha kidole, kuongeza mwanga huku na sauti huku, wengi wamezoea MX Player, na ni nzuri kweli kwa hayo. Ina kufuli la watoto, mtoto anaangalia katuni bila kubonyeza mpaka akampigia simu bosi wako. Ya bure ina matangazo. Ina vitufe vitatu ambavyo wengi hawajui maana yake: HW, HW+ na SW. Nawaambia maana yake kwa sababu jambo lenyewe liko kwenye programu nyingi kwa majina tofauti.

HW maana yake video inafunguliwa na sehemu maalumu ya simu iliyotengenezwa kwa kazi hiyo tu. Inakula chaji kidogo na simu haipati moto. SW maana yake inafunguliwa na akili ya kawaida ya simu, kwa nguvu. Inaweza kufungua vitu vingi zaidi, lakini simu inapata moto na chaji inashuka ukiiona. Kwa hiyo video ikikataa kabisa, au picha ikija na rangi za ajabu, hamia SW ujaribu. Ikicheza vizuri kwa HW, iache huko huko. Kwenye VLC hiki kitu kiko kwenye mipangilio, kimeitwa uharakishaji wa maunzi, kiache kwenye chaguo la otomatiki mpaka upate sababu.

Kuna wateja wanaokuja na lawama kwamba "simu uliyoniuzia inakwamakwama kwenye video". Kabla hujarudisha hela, angalia video yenyewe. Muvi nyingi za siku hizi zimebanwa kwa H.265, iliyotoka 2013. Uzuri wake video ya ubora ule ule inachukua karibu nusu ya nafasi ya H.264. Ubaya wake, simu ya zamani isiyo na sehemu ya kuifungua inalazimika kutumia nguvu, picha inabaki nyuma, sauti inatangulia. Simu haijafa na wewe hujauza bomu. Mpe mteja toleo la H.264 la video hiyo hiyo, au ya ubora mdogo kidogo, 720 badala ya 1080. Kwenye kioo cha inchi sita hataona tofauti. Utajuaje ni ipi? Kwenye VLC shikilia jina la video, chagua taarifa zake, itakuandikia kodeki ya picha na kodeki ya sauti. Hicho kitufe kidogo kimeniokoa mara nyingi kuliko kitu chochote kwenye laptop yangu.

Maandishi ya tafsiri chini ya muvi sitayaongelea sana. Faili lake mara nyingi ni .SRT, liweke folda moja na muvi, jina lifanane na la muvi, basi. Wenye iPhone na iPad, programu ya Apple yenyewe inapenda MP4 na MOV, MKV haitaki, lakini VLC ipo hata kwenye App Store na ni bure vile vile.

Nije kwenye jambo lililonifanya niwe mkali zaidi, na hili linawahusu hasa ninyi mlio mawakala wa pesa kwa simu.

Kuna jirani yangu wakala alikuwa na simu moja ya kila kitu, kazi na muvi. Mtu akamrushia programu ya video kwa Bluetooth, haikutoka Play Store, akaambiwa hii inafungua kila aina. Akaiweka, ikaomba ruhusa, akabonyeza kubali, kubali, kubali, kama tunavyofanya wote. Matangazo yakaanza kutokea hata kabla hajafungua kioo. Akaniletea nimsaidie. Nilipoingia kwenye ruhusa zake nikakuta programu ya video inaruhusiwa kusoma meseji, kuona majina ya watu na kupiga simu. Jamani. Programu ya kuangalia harusi inataka meseji za nini? Na wakala, namba za uthibitisho na miamala yote inakuja kwa meseji. Nikaiondoa, nikamwambia abadilishe namba ya siri siku ile ile. Kwa bahati hela hazikuwa zimeguswa.

Programu ya video inahitaji kuona video zako na sauti zako. Kwenye Android 13 kuendelea ruhusa ya picha na video imetenganishwa na ya muziki, kwa hiyo unaweza kutoa moja bila nyingine. VLC nayo itakuuliza kama unataka ione mafaili yote au video na muziki tu. Kwenye simu ya kazi mimi nachagua video na muziki tu. Lakini meseji, majina, mahali ulipo, hapana, hata kama ina rangi nzuri namna gani.

Kingine cha kupima ni bando. Kuna programu ukiifungua tu inaanza kukuletea video za mtandaoni huko mbele kabla hujaona zako, bando linaisha hujui limekwenda wapi. Mimi nafanya hivi: nawasha hali ya ndege, nafungua programu. Ikinionesha video zangu bila kulalamika, inafaa. Ikibaki inazunguka au inaniambia niunganishe intaneti, naiondoa hapo hapo. Mteja wangu aliyetoka Mtwango na simu ya kupigia picha shambani hana haja ya programu inayodai intaneti ili aone video aliyorekodi mwenyewe.

Kwa mnaoweka tableti kwenye kaunta kama mimi, nina machache. Weka matangazo yako kwenye folda moja, cheza folda nzima, halafu washa kurudia zote, itazunguka mpaka jioni. Ukiunganisha na spika ya Bluetooth utaona mdomo unatangulia sauti. Usihangaike kubadilisha spika, ndani ya VLC kuna sehemu ya kuchelewesha au kuwahisha sauti, chezea namba mpaka vikutane. Pia usiiache kwenye chaja siku nzima imefunikwa na kava nene. Yangu betri ilianza kuvimba.

Na ukitumiwa video ya mteja kwa WhatsApp, ujue ikitumwa kama video ya kawaida inabanwa tena na ubora unashuka. Mwambie aitume kama hati, inakuja kama ilivyo. Mwisho ni GB 2 kwa faili, na bando lake liwe tayari.

Nirudi kwa yule mama. Ilinichukua siku tatu kupata ujasiri. Kwanza nilimtafuta yule kijana niliyemuuzia kadi. Alikuwa ameshapiga harusi mbili juu yake. Mnisikilize hapa: faili likifutwa kwenye kadi, kuna programu zinaweza kulirudisha, lakini kama hujaandika kitu kingine juu yake. Ukishajaza vitu vipya imekwisha. Kwa hiyo mteja akikwambia amefuta kwa bahati mbaya, kazi ya kwanza ni kuitoa hiyo kadi kwenye simu na kutoiandikia chochote.

Halafu nikampigia yule mpiga picha kule alikohamia. Mama alikuwa amempigia siku ile ile niliyomwambia sauti haipo, akamwita mwizi. Kijana akaniambia, "Mimi nilimwambia mama atafute VLC, akaona namkwepa. Akasema mwenye duka la simu ameshaangalia." Hakuwa na nakala. Alitoa kadi yenyewe.

Nikaenda sokoni na tableti kwenye mkoba. Nikamwambia yote pale pale kwenye viazi vyake, na kwamba kadi niliiuza kwa faida. Hakunigombeza, ningependa angenigombeza. Akafuta mikono kwenye kitenge, akakaa juu ya kiroba, nikawasha.

Kamera nyingi za aina ile zikirekodi kwa muda mrefu hukata faili, linapofika karibu GB 2 linaanza jingine. Ukiwa nayo yote huoni mkato, yanafuatana. Mzee alianza kuongea katikati ya faili la pili. Akamwambia binti yake la kwanza, heshima. Akamwambia la pili, asifiche shida ndani, arudi nyumbani aseme. Watu wakapiga vigelegele, mzee akacheka, akasubiri watulie. Akasema, "Na la tatu, mwanangu." Faili likaisha.

Mama akasubiri. Akaniangalia. Nikamwambia la tatu ndo lile nililolifuta.

Akachukua simu yake akampigia binti yake aliyeolewa huko Mafinga. Nikamsikia anauliza, "Baba yako siku ile la tatu alisema nini?" Akasikiliza muda mrefu. Alipokata akaniambia, "Anasema alikuwa analia, hakumbuki vizuri."

Yale mawili nimemwekea kwenye simu yake, kwenye simu ya binti yake, na kwenye flashi nyingine nimemfungia kwenye mfuko wa nailoni aiweke kabatini. Sikumtoza. Mpiga picha naye mama alimpigia, wakayamaliza.

Siku hizi dukani nina folda naiita ya kupimia. Ina video fupi fupi za sekunde thelathini: moja ya MTS yenye sauti ya AC3, moja ya H.265, moja ya MKV yenye tafsiri, na moja ya 3GP ya zile simu za zamani. Simu yoyote ninayouza au kuirekebisha napitisha hizo kwanza, mbele ya mteja, ndo najua nimwekee programu gani. Sisemi faili limeharibika mpaka nilijaribu kwenye programu mbili zenye funguo tofauti na kwenye kifaa kingine. Na sifuti cha mtu siku hiyo hiyo, hata akiniomba. Namwambia arudi baada ya wiki. Laptop nimeiongezea nafasi, na nimenunua spika ya elfu nane nimeichomeka kwa USB.

Kama uko njia hii njoo na flashi yako tupu nikukopie hiyo folda ya kupimia, bure. Uje asubuhi, maana mchana umeme wetu huku hautabiriki.